Viti vya Sura ya Nne

6 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai wewe na Mama hamjambo. Mimi sijambo, nadhani. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu ile ile unayoicheka kila mara: simu haiachi kitu nyuma, na mtu wa historia asiyeacha karatasi nyuma yake ni sawa na fundi cherehani anayetembea uchi.

Habari ni hizi. Idara imepeleka jina langu kwenye kamati ya uprofesa. Kitabu changu cha sebule kinatolewa upya, safari hii kikiwa na picha, na mhariri anataka sura ya nne, ile ya sebule ya Mama, ndiyo ifungue kitabu. Nikipewa cheo nitatoa mhadhara mbele ya watu, na mada ni hiyo hiyo. Kwa kifupi, miaka yote niliyotumia kuchunguza jinsi watu wa kawaida walivyopanga vyumba vyao vya mbele inakuja kuishia kwenye chumba kimoja, na chumba hicho ni chetu.

Kwa hiyo nakuja mwezi wa nne na mpiga picha. Naandika mapema kama kanuni ya kazi yetu inavyotaka: mwenye nyumba apewe taarifa kwa maandishi, ajue nani anakuja, lini, na kufanya nini. Msomee Mama barua hii. Mwambie pia asibadilishe kitu. Viti vya mbao vikae vilivyo, vitambaa vya kufuma vikae vilivyo, kabati la vioo vivyo hivyo. Namtaka kama anavyoishi siku zote.

Huku hakuna jipya. Dirisha la ofisi yangu bado halifungi. Nasahihisha mitihani, nakula nimesimama, nalala. Juzi mwanafunzi mmoja aliniuliza kama nimefurahi kupendekezwa, nikamjibu kwamba nimefurahi. Niliona ndilo jibu alilolijia.

Mdogo wako,
Kitinda


19 Februari

Kitinda,

Marahaba. "Mwenye nyumba apewe taarifa kwa maandishi"! Mtu anaiandikia nyumba alimozaliwa kama bwana afya anayekuja kukagua vyoo. Nimemsomea Mama yote, akaniambia nirudie pale pa uprofesa. Nimerudia. Kisha akatoka uani akamtangazia Mama Pacha kwa sauti ya kusikika hadi sokoni, na Mama Pacha, unamjua jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, hawezi kukaa na neno tumboni, akaumalizia mtaa uliobaki.

Mimi mzima. Shuleni watoto wa watu wananitoa roho. Kidato cha pili cha mwaka huu ukiwaambia nusu ya nusu wanakutazama kama umewatukana.

Sasa nisikilize vizuri. Unaposema mwezi wa nne, ni mwezi wa nne kweli? Siulizi kwa ugomvi. Ukiandika kwamba unakuja, hapa kuna shughuli zake, na si shughuli ndogo. Mume wa Mama Pacha na wanawe wale pacha wameshaitwa kusaidia, na wamesaidia. Nilimwambia Mama bado mapema mno, akasema taarifa ikishafika imefika, unaweza kutokea wakati wowote. Na mgongo wake, tangu alipoanguka bafuni mwaka jana, si ule unaoujua. Basi ukisema unakuja, njoo.

Anataka kuandika mwenyewe hapa chini. Nampa kalamu.

Mwanangu hongera. Mimi mzima. Viti vyako vipo. Vitambaa nimevifua vyote. Usije na njaa. Mama.

Ameshaniomba niongeze salamu, kwa hiyo nazo hizo.

Dada yako


2 Aprili

Dada, shikamoo.

Mwezi wa nne umeshindikana. Mpiga picha amepata kazi kwingine, na kamati inanitaka niwepo hapa kwa maswali. Nitakuja mwezi wa sita. Tafadhali acheni kila kitu kilivyo, maana tarehe inaweza kurudi mbele ghafla.

Mama ameandika "viti vyako". Vyangu, si vyake. Nimelifikiria sana neno hilo. Nadhani watu wa umri wake huihesabu samani kuwa ni mali ya mtoto hata kabla ya kuirithisha. Nitaliweka kwenye tanbihi.

Nina swali pia kuhusu ile picha niliyompiga safari iliyopita, ameketi kwenye kiti cha dirishani, mgongo wima, mkono mmoja kiunoni. Mhariri anaitaka iwe ya jalada. Nimeiandikia kurasa tatu: kwamba kizazi chake hakikuegemea mbele ya mgeni, kwamba kukaa wima ndiyo ilikuwa adabu yenyewe. Muulize kama walifundishwa hivyo utotoni.

Pole kwa mgongo wake. Natuma mafuta ya kuchua.

Mdogo wako,
Kitinda


16 Aprili

Kitinda,

Mafuta yamefika, asante. Swali lako nimemuuliza. Akacheka, akasema, "Mwambie ndiyo." Nikamuuliza ndiyo nini. Akasema, "Lolote aliloandika." Haya, weka na hilo kwenye tanbihi.

Nimempeleka kwa daktari. Nakunukulia maneno yake, kwa kuwa wewe hupenda maneno ya watu yaletwe kama yalivyo: "Mama akae pa laini, aegemee, na asikae muda mrefu." Mama akaitikia vizuri kabisa, sawa daktari, asante daktari. Tulipofika nyumbani akaenda moja kwa moja kukaa kwenye kiti cha mbao. Nimembembeleza, nimenuna, nimemwekea mto. Mto ameutoa, eti haumo. Nikamuuliza haumo wapi. Kitabuni, anasema.

Nakuomba kitu kimoja tu. Kama mwezi wa sita una shaka hata chembe, niandikie kwamba huji. Andika hivyo tu, "siji", nimsomee. Hutaelewa kwa nini, na mimi nimeapishwa nisikwambie. Lakini andika.

Dada yako


9 Juni

Dada, shikamoo.

Mwezi wa sita nao umeingiliwa. Mtahini wa nje amekuja, na nusu ya wenzangu wako likizo. Kuandika "siji" siwezi, kwa sababu nakuja. Ni mwezi wa nane bila shaka, na sioni faida ya kumvunja Mama moyo bure. Mwambie akae tayari.

Kamati imekubali. Kuniita Profesa sasa unaruhusiwa, ingawa ulianza nikiwa bado navaa kaptula. Barua ya cheo iko hapa mezani. Niliifungua, nikaisoma hadi mwisho, nikaenda kuchemsha maji ya chai. Maji yalipochemka nikakumbuka kwamba sina majani.

Mdogo wako,
Kitinda


4 Agosti

Dada yangu,

Nimefika salama. Nilirudi kazini kesho yake. Watu wamenipa pole kwenye ngazi, nimewashukuru.

Sijalia. Hukuniuliza, lakini nilikuona ukiniangalia makaburini. Tangu asubuhi ile uliyopiga simu ukasema "Kitinda, Mama hayupo", mwili wote umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa. Nasubiri ile michomo inayokuja damu inaporudi. Haijaja.

Najua pia kwamba uliniona nikipiga picha sebuleni na watu wa msiba bado wanaingia na kutoka. Nilimwomba mjomba asogee kidogo ukutani asizibe kabati. Akasogea, maskini, na machozi yake. Nadhani mikono yangu ilikuwa inatafuta kazi inayoijua.

Mhadhara ni mwezi wa kumi. Nataka uwe wa kumuenzi Mama. Kwa hiyo nakuomba sebule isiguswe: viti, vitambaa, kabati, vyote. Makumbusho ya chuo yako tayari kuvichukua jinsi vilivyo. Ndicho kitu cha kweli alichotuachia, Dada, na nataka kibaki kweli.

Kitinda


20 Agosti

Kitinda,

Kalamu nimeishika na kuiweka chini mara nyingi. Nilipofika pale ulipoandika "kitu cha kweli" nikakata shauri. Mama aliniapisha nisikwambie. Kama niendelee kunyamaza na yeye hayupo, hakusema, na mimi sikuuliza.

Mama alikuwa na kochi.

Kochi kubwa la watu watatu, laini, alilinunua mwenyewe baada ya ile makala yako ya kwanza kuhusu viti vyetu. Alisema ujana wote amekalia mbao, sasa atakalia sponji. Viti akavipeleka stoo, vitambaa akavifungia sandukuni. Jioni alikuwa anajilaza hapo miguu juu, anaangalia runinga (ndiyo, na runinga ilikuwepo) na kubishana na msoma habari kama vile yule anamsikia. Wewe mwanamke huyo hukuwahi kumwona. Ungempenda.

Kisha ukaandika kwamba unakuja na kinasa sauti. Uliandika, "Natumai viti bado vipo, maana ndivyo vinavyobeba utafiti wangu." Nilipomsomea akasema, "Mtoto asije akaumbuka mbele za watu kwa sababu ya kochi." Mume wa Mama Pacha akaitwa, kochi likatokea mlango wa uani likaenda kwao, viti vikatoka stoo. Ukafika. Ukaingia, ukavigusa vile vitambaa kimoja kimoja, ukatabasamu. Wewe, ambaye hata kwenye picha za shule hutabasamu mpaka utishwe! Mama aliliona tabasamu lile, na hapo ndipo aliponasa.

Ikawa ndio utaratibu wetu. Taarifa yako ikifika, kochi linatoka. Ukiondoka, linarudi. Ile mikwaruzo ya mlango wa uani uliyoiandikia tanbihi, eti ni alama ya wageni na mizigo ya miaka mingi, ni miguu ya kochi. Nilipomsomea Mama Pacha tanbihi hiyo alicheka hadi akakaa chini. Na jalada lako, wacha nikwambie moja kwa moja: hakuna aliyemfundisha Mama kukaa wima. Safari ile mgongo ulikuwa umeshaanza. Hakuweza kuegemea ubao, na mkono ule kiunoni unashikilia maumivu.

Tulicheka sana miaka ile, sitakuficha. Kwetu ilikuwa mchezo wa kuigiza, na yeye ndiye nyota. Alipenda kuwa sura ya nne. Alikuwa na maringo yake. Lakini baada ya kuanguka bafuni haikuchekesha tena. Mwezi wa pili uliandika, kochi likatoka. Mwezi wa nne hukuja. Nikasema lirudi, akakataa, kwa kuwa umesema tarehe inaweza kurudi mbele ghafla. Mwezi wa sita hukuja. Nikasema lirudi. Akasema, "Kijana kaandika nikae tayari." Basi akakaa tayari, kwenye mbao, na mgongo ule. Asubuhi ile nilimkuta kwenye kiti cha dirishani.

Nina hasira nawe. Nina hasira na mimi pia, niliyeweka mto na kukubali utolewe. Ila usijiambie kwamba Mama alikudanganya, maana hilo sitalivumilia. Alikupenda, ukamletea karatasi inayosema unachotaka, naye akafanya kama ilivyoandikwa.

Dada yako


5 Septemba

Dada,

Barua nimeipata. Niliisomea kazini, nikaenda kufundisha, nikarudi nikaisoma tena. 

Kochi ni la rangi gani?

Kitinda


14 Septemba

Kitinda,

La kijani, lililoanza kupauka. Upande wa dirishani pamebonyea. Ndipo alipokuwa anakaa.

Bado liko kwa Mama Pacha. Wanawe wakitaka kulikalia anawafukuza kwa ufagio. Ananiuliza alirudishe au vipi, namjibu sijui. Uliniandikia nisiguse kitu, na mimi nimetii. Hata najishangaa. Napita sebuleni kwenda chumbani kwangu kama napita kwenye nyumba ya mtu.

Unakula?

Dada yako


27 Oktoba

Dada, shikamoo.

Mhadhara umepita.

Nilikusudia kuusoma kama ulivyokuwa. Nakwambia wewe kwa kuwa sina mwingine wa kumwambia: nilijisemea jalada limeshatengenezwa, joho limeshashonwa, na wanaoijua habari ya kochi ni wewe na akina Mama Pacha. Sikuona aibu. Sikuona chochote. Niliipiga suti pasi, nikaenda.

Ukumbi ulijaa. Waliiweka picha ya Mama ukutani nyuma yangu, kubwa kuliko mlango. Nilisoma vizuri tu, kurasa zinageuka zenyewe, hadi nikafika pale: "Kizazi hiki hakikuegemea." Hapo palikuwa na alama niliyojiwekea, kwamba nigeuke niwaonyeshe watu picha. Nikageuka.

Dada, picha ile sikuwa nimewahi kuitazama. Nilikuwa natazama kurasa zangu tatu. Vidole vyake vimezama kwenye gauni. Mdomo umefungwa kwa nguvu upande mmoja, vile alivyokuwa anaufunga akitolewa mwiba. Mtoto mdogo angeona. Nikasikia vipaza sauti vinasema, "Anaumwa mgongo," na ile ilikuwa sauti yangu. Nikasema tena, "Huyu ni mama yangu. Hapo anaumwa mgongo. Alikuwa na kochi." Baada ya hapo nilishindwa. Nililia mbele ya mkuu wa chuo na watu wote wenye majoho, nikajifuta kwa mkono wa joho langu jipya, na machozi bado yakawa yanakuja.

Wakapiga makofi. Walisimama, wakapiga makofi muda mrefu. Mkuu wa idara alinishika bega mlangoni akasema hajawahi kusikia mhadhara uliomalizika vizuri vile. Alidhani nimepanga. Nimemwandikia mhariri kwamba sura ya nne si kweli, itoke. Amejibu kwamba watu wameipenda mno habari ya kochi, je, nitamwandikia dibaji? Nimekataa. Sijui kitabu kitaishia wapi, na nyumba zile nyingine zote zilizomo nazo zinaniamsha. Zote niliziandikia mapema. Makochi mangapi yalikuwa kwa majirani, Dada?

Michomo imekuja. Inauma kuliko nilivyofikiri, na haichagui mahali. Jana ilinikuta kwenye foleni ya mkate. Nilipaswa kuandika "siji". Neno moja tu, na uliniomba. Angelala kwenye kochi lake.

Makumbusho nimewaambia hakuna cha kuchukua. Mwambie Mama Pacha kochi lirudi. Nami nakuja mwezi wa kumi na mbili, nikimaliza mitihani. Nitakuandikia mapema nikujulishe tarehe.

Mdogo wako,
Kitinda


11 Novemba

Kitinda,

Marahaba, mdogo wangu. Nimeisomea barua yako jikoni, na uji ukaungua. Nililia kwa ajili yako kuliko nilivyolia siku ya mazishi, maana siku ile nilidhani nimezika wawili.

Kochi limerudi. Wamelibeba wale pacha, siku hizi ni majitu kama milango, wakaukwaruza mlango palepale. Mama Pacha akasema, "Mwandikie Profesa aongeze tanbihi," akaanza kucheka, akamalizia kwa kilio. Viti viko stoo. Vitambaa viwili nimempa yeye, vingine vimerudi sandukuni. Runinga inawaka, na hapa naandika nikiwa nimejilaza upande wa mlangoni. Ule wa dirishani, palipobonyea, nimeuacha. Hukuwahi kupakalia.

Hilo la mwezi wa kumi na mbili, nimelisikia. Lakini tarehe usiniletee. Mimi ni binti wa yule yule mama: ukiniandikia tu, nitashika ufagio, nitaanza kupanga, na sijui nitakuwa nimekutolea nini stoo. Kwa hiyo taarifa sitaki. Usiandike kwamba unakuja.

Njoo tu.

Dada yako